Kupinga matokeo ya wadi na jimbo: kesi inaanzia kituoni

Mgombea udiwani aliyeshindwa kwa kura 19, akaenda kwa wakili wiki tatu baada ya matokeo, na mkononi ana picha mbili za WhatsApp ambazo hata hajui nani kazipiga, anaweza kuwa kadhulumiwa kweli. Lakini kesi hana. Vitu ambavyo vingemsaidia vilikuwapo usiku wa kuhesabu kura, ndani ya chumba cha skuli, mbele ya macho ya wakala wake, na wakala hakuvichukua.

Kwa hiyo haya yanawahusu zaidi mawakala wa vyama, wagombea wa wadi na makatibu wa majimbo, Unguja na Pemba. Wao ndio wanaoijenga kesi au kuiua kabla wakili hajaisikia.

Jua kwanza unapinga kura ipi

Siku ya uchaguzi mkuu mpiga kura wa Zanzibar anapiga kura tano: ya Rais wa Jamhuri ya Muungano, ya mbunge, ya Rais wa Zanzibar, ya mwakilishi na ya diwani. Mbili za mwanzo ni za Tume ya Taifa, ambayo sasa inaitwa Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi. Tatu zilizobaki ni za Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, ZEC, na zinaendeshwa kwa Sheria ya Uchaguzi ya Zanzibar Namba 4 ya 2018. Tume mbili, sheria mbili, fomu mbalimbali, na siku ni moja. Mchanganyiko unaanzia hapo.

Kura za urais mlango wake umefungwa. Katiba ya Muungano ya 1977 na Katiba ya Zanzibar ya 1984 zote zinasema mgombea akishatangazwa na Tume kuwa amechaguliwa kuwa Rais, hakuna mahkama itakayochunguza kuchaguliwa kwake. Mahkama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua tarehe 15 Julai 2020 kwamba kifungu hicho katika Katiba ya Muungano kinakiuka Mkataba wa Afrika. Kifungu bado kimo. Nalitaja hili kwa sababu ya kazi: hati ya kupinga udiwani iliyojazwa malalamiko ya urais inampa upande wa pili pingamizi la bure. Kama dhuluma ilitokea kwenye kura zote za kituo kimoja, andika ile iliyogusa kiti chako tu.

Ubunge unakwenda kwa sheria ya Muungano na unaanzia Mahkama Kuu. Uwakilishi ni Mahkama Kuu ya Zanzibar. Kwa udiwani, kabla ya kuandika mstari wowote, chukua nakala ya Sheria ya 2018 pamoja na kanuni zake, fungua sehemu ya kesi za uchaguzi, uone kwa macho yako mahkama iliyotajwa na siku zilizotajwa. Kisha muulize karani wa masjala ya mahkama hiyo saa ya mwisho ya kupokea hati. Usichukue idadi ya siku kutoka kwa mtu aliyewahi kufungua kesi zamani. Sheria ya zamani ya uchaguzi ya Zanzibar, Namba 11 ya 1984, ilishaondoka, ila nakala zake bado zinazunguka kwenye ofisi za vyama.

Wala usichukue siku za Bara. Sura 343, yaani Sheria ya Taifa ya Uchaguzi iliyotumika hadi ilipokuja Sheria Namba 1 ya 2024, ilitoa siku 30 tangu matokeo kutangazwa kwa kesi za ubunge, na madiwani wa Tanzania Bara walikuwa na sheria yao, Sura 292. Diwani wa wadi ya Wete au ya Magharibi B hayumo humo. Wapo wanaonakili hati ya kesi ya Bara neno kwa neno, vifungu na vyote, wakabadilisha majina. Hati ya namna hiyo haivuki siku ya kwanza.

Siku zinahesabiwa tangu msimamizi wa uchaguzi alipotangaza mshindi. Hazisubiri upate nakala ya fomu, wala chama kimalize vikao vyake. Barua uliyoipeleka Tume ukilalamika haizisimamishi. Hapa wengi wanateleza, wakikumbuka yaliyotokea 28 Oktoba 2015, pale mwenyekiti wa ZEC alipotangaza kuufuta uchaguzi mzima wa Zanzibar, uwakilishi na udiwani ukiwamo, na kurudiwa 20 Machi 2016. Wanadhani Tume ikiandikiwa vya kutosha itafuta tena. Barua iandike, iwe na muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako, kwa sababu itakuja kuwa kielelezo. Ila siku hiyo hiyo wakili awe ameshakaa na fomu.

Usiku wa kuhesabu

Wakala anahitaji daftari dogo, biro mbili, tochi na mfuko wa plastiki unaofungika. Mfuko si mapambo: fomu ya Kojani, Kisiwa Panza au Tumbatu inavuka maji kabla ya kufika kwa mgombea, na nakala iliyolowa tarakimu zikayeyuka haisomeki mbele ya jaji.

Kituo kinafunguliwa saa 1 asubuhi. Kabla ya hapo andika mambo matatu: sanduku lilionyeshwa tupu au la, namba za lakiri zilizofungia sanduku, na idadi ya karatasi za kura zilizopokelewa kwa kila kiti. Mchana andika kila aliyerudishwa na sababu aliyopewa, kila aliyesaidiwa kupiga kura na nani aliyemsaidia, na saa. "Mchana hivi" haitoshi. Saa 7:40 inatosha.

Kura ya mapema isisahauliwe. Sheria ya 2018 ndiyo iliyoileta, na mwaka 2020 ilipigwa 27 Oktoba, siku moja kabla ya uchaguzi. Mwaka 2025 ilipigwa 28 Oktoba. Wagombea wa wadi huona kura hizo ni chache wakaacha kupeleka wakala. Wadi inaamuliwa kwa kura chache, kwa hiyo hapo napo pawe na mtu na daftari lake, na namba za lakiri ziandikwe jioni na zikaguliwe tena wakati sanduku linapofunguliwa.

Saa 10 jioni kituo kinafungwa, na waliokwishapanga foleni wanamaliza. Sasa ndipo kazi yenyewe. Kabla sanduku halijafunguliwa, fanya hesabu hii: karatasi zilizopokelewa, toa ambazo hazikutumika, toa zilizoharibika mkononi mwa mpiga kura akapewa nyingine. Jibu ndilo linalopaswa kuwamo sandukuni.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kituo kilipokea karatasi 400 za udiwani. Hazikutumika 112. Zilizoharibika na kubadilishwa ni 3. Sandukuni ziwemo 285. Baada ya kuhesabu, fomu inaonyesha mgombea wa kwanza 151, wa pili 127, kura zilizokataliwa 9. Jumla 287. Kuna karatasi mbili ambazo hazikutoka kwenye meza ya msimamizi wa kituo. Wakala aliyeandika 400, 112 na 3 kwenye daftari lake analiona hilo hapo hapo. Asiyeandika haoni kitu, kwa sababu 287 peke yake haina kosa lolote usoni.

Ukiliona, omba kura zihesabiwe tena kabla fomu hazijasainiwa na sanduku halijafungwa kwa lakiri. Omba kwa sauti mbele ya mawakala wengine, kisha kwa maandishi, kwenye fomu ya malalamiko kama ipo, la kama haipo kwenye karatasi ya daftari ukiacha nakala. Ukikataliwa, andika aliyekataa kwa cheo chake na saa. Malalamiko yaliyoandikwa usiku ule ule yana uzito ambao kiapo cha mwezi mmoja baadaye hakiupati. Swali la kwanza la wakili wa upande wa pili ni hili: "Ulipoona hayo, ulimwambia nani?"

Halafu fomu ya matokeo. Makosa yanayorudi kila uchaguzi ni haya: wakala anasaini fomu tupu saa 4 usiku kwa sababu boti inamsubiri, anachukua nakala ambayo wino haukupenya, hakagui jina la kituo. Hili la jina linawaumiza watu mno. Skuli moja inakuwa na vituo vitatu au vinne, kila kimoja na herufi au namba yake. Fomu iliyoandikwa jina la skuli tu, bila namba ya kituo, haijulikani ni ya chumba kipi, na mbele ya mahkama inakuwa karatasi ya mahali popote. Kagua jina, kagua namba, kagua tarakimu na maneno kama vinafanana, kagua sahihi na muhuri, ndipo nawe utie sahihi.

Kususa kusaini hakufuti matokeo. Anayeondoka na hasira zake anaiacha fomu ikiwa na sahihi za wengine wote na pengo lake tu, na pengo halielezi sababu. Afadhali usaini na uandike pembeni kwamba hukubaliani na nini.

Matokeo yakibandikwa ukutani, piga picha yake ukiwa nje, ukiheshimu masharti ya simu yaliyowekwa kituoni. Picha ichukue ukuta na mlango, isiwe ya karatasi tu. Simu hiyo usiiuze, usiifute, na picha ya asili usiihariri. Aliyepiga ndiye atakayesimama kizimbani kuitolea ushahidi, kwa hiyo picha iliyopita magrupu kumi ikarudi kwako haina wa kuisemea.

Mwisho wa usiku kuna majumuisho. Kura zinaweza kuhesabiwa vizuri vituoni vyote na matokeo yakageuka kwenye kujumlisha: 127 ikaandikwa 121, kituo kimoja kikaingizwa mara mbili, kingine kikasahauliwa. Mtu wako wa majumuisho asiwe shujaa wa kubishana. Awe mtu wa hesabu, mwenye nakala za fomu za vituo vyote vya wadi mbele yake, anayeweka alama kila mstari unaposomwa. Kesi za kosa la majumuisho ndizo nyepesi kuliko zote kuthibitisha, kwa kuwa karatasi zinabishana zenyewe.

Je, kosa liligusa matokeo?

Kuonyesha kosa ni nusu ya safari. Sababu za kutengua uchaguzi katika nchi yetu ni chache: sheria au taratibu zilikiukwa na ukiukaji huo ukagusa matokeo, rushwa na vitendo haramu vya kampeni vilivyofanywa na mgombea au kwa idhini yake, au aliyeshinda hakuwa na sifa za kugombea. Nyingi za kesi zetu zinaingia katika ile ya kwanza, na zinakufa kwenye maneno mawili, "kugusa matokeo".

Kesi inayotajwa mpaka leo ni Mbowe dhidi ya Eliufoo ya 1967. Jaji Mkuu Georges alieleza kwamba matokeo yanaguswa pale ambapo, baada ya kurekebisha hesabu kwa makosa yaliyothibitika, ushindani unaonekana kuwa wa karibu zaidi kuliko ulivyoonekana mwanzo. Kama mshindi amepita kwa kura nyingi hata ukimpunguzia sana bado anabaki mbali, kosa hilo halikugusa matokeo. Kwa hiyo rudi kwenye mfano wetu. Karatasi mbili zisizojulikana zimepatikana, na tofauti ya wadi nzima ni kura 19. Hizo mbili peke yake hazikufikishi. Lakini ikiwa kituo kile kile mawakala walitolewa nje wakati wa kuhesabu, hapo kura zote 287 zinaingia shakani, na 287 ni kubwa kuliko 19. Namna unavyolipanga dai lako ndiyo inayoamua.

Fanya hesabu hiyo kwanza, peke yako, kwa uaminifu, kabla ya kumlipa mtu. Kila kosa liwe na kituo chake na idadi ya kura zilizoguswa. Ukijumlisha zote na tofauti haijatikisika, hakuna wakili mwaminifu atakayekuambia ufungue.

Kiwango cha kuthibitisha nacho ni kikubwa. Kwenye madai ya kawaida, kama ya shamba au deni, anayeelekea kuwa na ukweli zaidi ndiye anayeshinda. Kwenye uchaguzi mahkama zetu zinataka dai lithibitike bila kuacha shaka ya msingi, na Mahkama ya Rufani imeshikilia hivyo katika kesi ya Manju Salum Msambya ya 2007. Rufaa kutoka Mahkama Kuu ya Zanzibar zinakwenda Mahkama hiyo hiyo, kwa hiyo msimamo wake unatubana na sisi.

Hati na pingamizi la awali

Kesi nyingi za uchaguzi haziingii hata kwenye ushahidi. Zinafutwa kwa pingamizi la awali. Mjibu maombi, yaani upande wa pili, hahitaji kusema kwamba hukuibiwa. Anasema tu kwamba hati yako ina kasoro, na kama ni kweli mnaishia hapo. Zikishafutwa, mara nyingi siku zimepita, na huwezi kurudi.

La kwanza ni nani anafungua. Mgombea ana haki hiyo wazi. Mpiga kura wa kawaida hana uhuru huo wote: katika rufaa ya Godbless Lema ya 2012, iliyohusu jimbo la Arusha Mjini, Mahkama ya Rufani iliwaondoa wapiga kura waliofungua kesi kwa kuwa hawakuonyesha haki yao wenyewe ya kupiga kura iliyovunjwa. Vyama vinavyomtuma mpiga kura afungue ili mgombea asipate gharama viisome hukumu hiyo kwanza.

La pili ni nani unamshitaki. Aliyetangazwa mshindi, msimamizi wa uchaguzi, na Mwanasheria Mkuu. Kwa viti vya Zanzibar ni Mwanasheria Mkuu wa Zanzibar. Kumwandika wa Muungano kwenye kesi ya wadi ni kosa ambalo karani anaweza hata asikwambie.

La tatu ni umahsusi. "Mawakala wangu walifukuzwa vituo vingi" haina kituo, haina mtu, haina saa. Andika: kituo namba fulani, skuli fulani, shehia fulani, saa 11:20 jioni, wakala fulani alitolewa na askari kwa amri ya msimamizi wa kituo, akarudishwa saa 12:05 wakati kura za udiwani zimeshahesabiwa. Usilolitaja kwenye hati hutaruhusiwa kulileta kwenye ushahidi, hata uwe na mashahidi hamsini.

La nne ni uthibitisho wa mwisho wa hati, ile sehemu ndogo ambayo mfunguaji anasema aya zipi anazijua mwenyewe na zipi kaambiwa na nani. Watu huandika kwamba zote wanazijua wenyewe, ilhali mgombea hakuwapo vituo kumi na mbili kwa wakati mmoja. Gawa aya moja moja.

Mambo ya usajili yasiwe msingi wa kesi hii. Kunyimwa kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, sheha kukataa kumtambua mtu, jina kukosekana kwenye daftari: hayo yana hatua zake na pingamizi zake wakati wa uandikishaji. Vilevile sifa za mgombea: ingawa ni sababu ya kutengua, zinatakiwa kuwekewa pingamizi siku za uteuzi. Ukinyamaza pale, ukaja kusema baada ya kushindwa, utaulizwa ulikuwa wapi.

Mashahidi, nyaraka na pesa

Oktoba Pemba ni msimu wa karafuu, na wavuvi wapo dago, kwenye kambi za uvuvi. Shahidi aliyeona kila kitu anaweza kuwa juu ya mkarafuu Mtambwe au keshavuka kwenda kuvua. Maelezo yake yaandikwe wiki ile ile ya uchaguzi, kwa maneno yake, asomewe, atie sahihi, na namba zake zote za simu zichukuliwe, za kwake na za jirani. Wakala wa kituo asimame mwenyewe. Aliyesimuliwa na wakala hafai.

Fomu za asili na masanduku vipo kwa Tume. Usisubiri siku ya kusikilizwa. Mara tu kesi inapofunguliwa, wakili aombe kwa maandishi vitunzwe na viletwe mahkamani, akitaja fomu moja moja kwa namba ya kituo. Nakala yako ya wakala ina nguvu zaidi ikiwekwa bega kwa bega na ile ya asili.

Kuhusu pesa, kuna ada ya kufungua, kuna dhamana ya gharama, na kuna gharama za upande wa pili ukishindwa. Sheria ya Bara iliwahi kumtaka mfunguaji aweke shilingi milioni 5 ndipo kesi ipangiwe tarehe. Mahkama ya Rufani ikakiona kifungu hicho kinavunja Katiba, katika kesi ya Julius Ndyanabo, kwa kuwa kinamfungia masikini mlango wa haki. Baadaye sheria ikabadilishwa ikaruhusu kuomba kupunguziwa au kusamehewa. Ukiona kiasi kilichowekwa kwa kiti chako kinakuzidi, muulize wakili mapema kuhusu ombi hilo, na uwe na ushahidi wa kipato chako. Ombi la kupunguziwa lililoletwa baada ya siku za kulipa kwisha ni kazi bure.

Ukishindwa Mahkama Kuu

Kwa ubunge na uwakilishi rufaa inakwenda Mahkama ya Rufani. Notisi ya rufaa iwekwe ndani ya siku 30 tangu hukumu. Ndani ya siku hizo hizo andika barua ya kuomba nakala ya mwenendo wa kesi, hukumu na amri, kisha nakala ya barua hiyo mpelekee mjibu rufaa na apokee kwa sahihi. Kumbukumbu za rufaa zinatakiwa ndani ya siku 60 tangu notisi, na muda ambao mahkama iliutumia kukuandalia nakala unatolewa kwenye hesabu. Unatolewa kwa masharti: barua iwe iliandikwa ndani ya siku 30, na upande wa pili uwe ulipewa nakala yake. Ile karatasi yenye sahihi ya mpokeaji ihifadhi pamoja na fomu za vituo.